Vikombe Vilivyobaki Benchini

Asubuhi ile nilikuwa nakoroga uji kwenye sufuria ambayo, naapa, ng'ombe mzima angeweza kuoga humo. Nilikuwa mpishi wa shule ya msingi kule Nshambya, msichana wa miaka kumi na minane, mikono kama ya mpiga kasia, na kusoma sijui hata jina langu, Fausta. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wamepanga vikombe vyao kwenye benchi nje ya jiko. Mwalimu Jeneroza alikuwa na daftari la mahudhurio. Mimi nilikuwa na benchi. Kikombe kisipofika, nilijua nani hakuja kabla Mwalimu hajashika kalamu.

Kemilembe wa darasa la nne aliweka chake mwishoni. Kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni.

"Leo umeniletea pipa?" nikamuuliza.

"Jaza tu, dada. Ni cha tata. Amesema nikinywea hiki nitakua haraka."

Tata yake, yaani baba, alikuwa ameondoka wiki ile na mgambo kwenda mpakani. Watoto wengine hawakuwa na habari ya mpaka. Msimu wa senene ulikuwa umeanza, na kila mmoja alidai jana ameshika gunia zima.

Kisha ikapita ndege.

Sikuiona. Niliona uji ukitetemeka.

Mshindo ukatoka upande wa mjini. Ukaja wa pili.

"Kimbieni," alisema Mwalimu. Hakupaza sauti.

Benchi likabaki na vikombe vyake.

Huwa nasimulia kwamba tulitembea mwezi mzima kwenda Muleba bila kukaa. Zilikuwa siku tatu, lakini miguu yangu bado inashikilia ule mwezi. Tukikaa, tunasimama. Kuku akiruka kwenye migomba, watu wote tuko njiani tena, mama na chungu kichwani, mimi na mwiko wa shule mkononi, sijui wa kumkorogea nani.

Vita viliposogea upande wa pili wa mpaka, shule ikafunguliwa. Vikombe nilivikuta chini ya benchi vimejaa maji ya mvua. Watoto waliorudi walikuwa kumi na tisa. Mwalimu aliita majina yote arobaini na moja, na kila paliponyamaza alisubiri kidogo kabla ya kuita linalofuata. Alipomaliza alikuja jikoni.

"Fausta, nyumba zao unazijua. Na ndugu zao waliowakimbilia unawajua."

Nikatia vikombe ishirini na viwili kwenye kikapu.

Wiki zile sikumbuki kulala sehemu moja mara mbili. Mtoto akiona kikombe chake anakifuata kama ndama. Wazee ndio walikuwa kazi. Ta Elisha wa Kamachumu alinikatalia katikati ya mibuni yake: "Mtoto anavuna kahawa."

"Kahawa itamngoja, Ta. Uji unapoa."

Alicheka bila kutaka, na mtoto nikaondoka naye. Hivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka kikapuni kikabaki kikombe cha bluu. Kemilembe alikuwa kisiwani Bumbire, kwa bibi yake mzaa baba, Ma Kokugonza.

Wavuvi walionivusha walisema hawangoji; mawimbi yanapanda. Nikapanda mlima mbio. Bibi akatoka na kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopokelewa kwetu.

"Karibu, waitu, mwenzetu. Kaa."

"Sikai, Ma. Mtumbwi unaondoka."

Nikasimama mlangoni, nikatoa kikombe, nikakishika kwa mikono miwili.

Kwetu, kitu cha mwanamume kikirudi bila mwenyewe, na aliyekileta akasimama mlangoni akakataa kahawa, hakuna haja ya kusema neno. Nililijua hilo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nililisahau kwa sababu ya mtumbwi.

Kisahani kilianguka.

Yowe la bibi liliwaleta majirani mbio kutoka kwenye dagaa walizoanika. Kemilembe akatokea nyuma ya nyumba. Akakiona kikombe.

"Natoka shule!" nikapiga kelele. "Natoka shule tu! Habari zake sina!"

Mtumbwi uliondoka bila mimi. Nilikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, nikatafuna kahawa ya kutosha kuamsha kisiwa.

"Kweli hujui lolote?" Bibi aliuliza.

"Sijui, Ma. Nisamehe."

Kemilembe alikataa kuondoka. "Tata alisema vita vikija nimngoje hapa. Atakuja mwenyewe kunichukua."

"Bibi atamwambia uko shule."

"Bibi mchana analala."

"Nalala kwa jicho moja," Bibi akasema.

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu Kemilembe alishuka ufukweni mwenyewe, amefunga nguo zake.

"Kikombe kibaki," alisema. "Akikiona atajua sijapotea."

Bibi alikiweka kwenye rafu karibu na mlango. Mwaka ule Kemilembe alinywa uji kwa kopo la mafuta ya kula.

Baba yake hakurudi. Haikuja barua, na kaburi hatulijui.

Kemilembe alipokua akawa mwalimu, na jioni alifundisha watu wazima. Ndiye aliyenishika mkono mpaka nikaandika Fausta. Shule ya jioni nilimaliza nikiwa wa kwanza. Tulikuwa sita, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Bibi alipofariki, akiwa na miaka mia mbili kwa hesabu yangu, tulivuka pamoja kwenda kumzika. Kikombe kilikuwa rafuni. Hakikuwa na vumbi. Jirani alisema Bibi alikiosha kila asubuhi.

Kemilembe alikitia mkobani.

Tulipofika kwake Nshambya, watoto wake walitoka kumpokea. Mumewe akaleta kisahani cha kahawa.

"Karibu nyumbani. Kaa."

Kemilembe alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mikononi. Akatikisa kichwa kuikataa kahawa.