Mzuri, Ila

Kazi yangu ilikuwa kuangalia mistari. Kila mteja alikuwa na mstari wake kwenye skrini: ukiwa wa kijani, intaneti yake inakwenda vizuri, wa njano, inasuasua, mwekundu, imekatika. Tulikuwa wanne katika kampuni, lakini mafundi wawili walishinda juu ya milingoti na bosi alishinda akitafuta wateja, kwa hiyo pale ofisini Kihonda nilibaki mimi, skrini, na mashine ya kusaga ya jirani iliyotikisa ukuta tangu asubuhi. Kuna siku zilipita bila mtu kusikia sauti yangu isipokuwa wateja kwenye simu na mama wa chakula. Huyo nilimwambia maneno matatu tu: wali, maharage, asante.

Bosi alipokwenda kutafuta wateja alikuwa na sentensi yake moja. "Sisi tunakuona," aliwaambia. "Tatizo likija, tutalijua kabla yako." Sentensi hiyo ilinikera. Siku moja nikamuuliza tunaona nini hasa, maana skrini inatuonyesha namba, haituonyeshi mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akisubiri ukurasa ufunguke.

"Dogo, chuo kimekuharibu wewe," akasema. "Kila kitu kwa nini, kwa nini. Piga simu, jaza fomu."

Fomu ilikuwa ya kila asubuhi. Nilitakiwa kumpigia kila mteja na kumuuliza mtandao unaendeleaje, kisha niweke alama kwenye mzuri, wastani au mbaya. Kila mteja alipewa dakika mbili. Nilikuwa mwepesi, dakika moja ilinitosha.

Mmoja wa wateja hao alikuwa mama mtu mzima, katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga huko juu, upande wa Mgeta. Kila siku mchana mnunuzi wao wa Dar es Salaam aliwatumia orodha ya kabichi, karoti na njegere alizotaka kesho yake. Walipaswa kuithibitisha kwenye tovuti yake kabla ya saa kumi jioni. Wakichelewa, oda inakwenda kwa wakulima wengine. Intaneti waliifunga kwa sababu hiyo tu.

Nilimpenda yule mama kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria vizuri. Ndiye mteja pekee aliyeniuliza kama nimekunywa chai. Nilimjibu kwamba nimekunywa, hata siku ambazo sikunywa, kisha nikamuuliza mtandao unaendeleaje. Alisema, "Mzuri, mwanangu." Nikaweka alama, nikaaga, nikakata. Mstari wake ulikuwa wa kijani mwezi mzima.

Kisha siku moja akapiga yeye.

"Mwanangu, mwezi ukiisha mje mchukue vyombo vyenu."

"Kwani mtandao si mzuri, mama?"

"Mzuri, ila unaondoka jioni. Tumechelewa mara tatu. Mnunuzi kasema mara ya nne basi, anahamia kwingine kabisa."

Nilitazama mstari wao. Kijani. Bosi alipokuja nikamwomba ruhusa ya kupanda huko, akanishangaa. "Kijani unakifuata nini mlimani?" Lakini aliniruhusu, nadhani ili nisiendelee kumuuliza.

Kesho yake nilipanda kwa bodaboda. Nilifika saa sita, nguo zimejaa vumbi jekundu. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja cha matofali, na nje wanawake sita walikuwa wanaosha karoti kwenye mapipa. Nilimwamkia katibu. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Nikawasha kompyuta, nikapima kasi, kila kitu kilikuwa safi.

"Mtandao umeona mgeni, umeona aibu," mmoja wa wanawake akasema, wenzake wakacheka.

"Na wewe ungekuwa unaona aibu hivyo mumeo angepumzika," akajibiwa, wakacheka zaidi.

Saa nane orodha ikaingia: magunia kumi na mawili ya karoti. Katibu alihitaji muda wa kuulizana na wakulima nani ana nini, jambo ambalo huko juu linafanywa kwa miguu, kutoka shamba hadi shamba. Aliporudi na hesabu yake kwenye daftari ilikuwa saa tisa na nusu. Upepo ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Ukurasa ukagoma kufunguka.

Nikatoka nje. Mbele ya dishi letu palikuwa na mikaratusi mitatu. Tulipofunga dishi mwaka uliotangulia ilikuwa michanga, sasa ilikuwa imelifikia. Asubuhi miti hiyo ilisimama kimya na mawimbi ya intaneti yakapita pembeni yake. Jioni upepo uliiinamisha, matawi yakafunika njia yote.

Niliporudi ndani katibu alikuwa ameshachukua simu yake na daftari. "Twende kileleni," akasema. "Kule simu inashika." Alipanda kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Mimi nilibaki nyuma nikihema, na chini wanawake wakanipigia kelele: "Mtaalamu, kimbia! Mama anakuacha!"

Ujumbe ulitoka saa kumi na dakika kumi na mbili. Jibu lilikuja tukiwa bado tumesimama hapohapo. Nafasi imejazwa. Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu.

Alilisoma, akanipa simu na mimi nilisome, akaipokea, akaifuta kioo kwa khanga.

"Mama, mbona hukutuambia tangu mwanzo?" Nilisikia sauti yangu ikiwa na lawama, na bado nikaendelea. "Kila asubuhi nilikuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza?" akasema, bila hasira. "Nikisema mzuri unakata. Sasa mtu ataanzaje na mbaya, hata salamu hazijaisha?"

Nimezaliwa katika lugha hii. Najua kwamba mtu aliyefiwa jana ukimuuliza habari atasema nzuri kwanza, kisha atavuta pumzi, aseme ila. Habari yenyewe iko baada ya hapo. Nilikuwa nimejaza fomu mwezi mzima kwa nusu ya jibu.

"Halafu," akasema, "si mlisema mnatuona? Mimi nilijua mnaona. Nikasema basi, wameona, wameamua kunyamaza."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Njiani kurudi, nikiwa nimeshikilia kiti cha bodaboda, nilikumbuka pia kwamba ule mstari niliupanga mimi mwenyewe. Ulionyesha wastani wa saa ishirini na nne, ili kengele zisilie ovyo. Saa mbili mbaya za jioni zilimezwa na saa zote ambazo wakulima wamelala na intaneti inakwenda kasi bila mtu wa kuitumia. Niliwahi kutilia shaka karibu kila kitu pale ofisini, hata uzito wa sukari ya chai aliyonunua bosi. Wastani wangu sikuutilia shaka.

Mafundi waliurefusha mlingoti wa dishi lao kesho yake kwa saa tatu tu za kazi. Mnunuzi hakurudi. Kwenye ripoti palikuwa na sehemu ya chanzo cha tatizo, nikamuuliza bosi niandike nini.

"Andika upepo."

"Si upepo. Ni sisi."

"Upepo ulikuwepo au haukuwepo?"

Ulikuwepo. Nikaandika upepo.

Mwezi ulipoisha dishi liliteremshwa. Mstari wao ukaondoka kwenye skrini, na iliyokuwa chini yake ikapanda kuziba nafasi. Asubuhi iliyofuata, saa tatu, nilimpigia. Nyuma yake nilisikia watu wakiitana na injini ikinguruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtandao hatuna tena, mwanangu. Unaulizia nini?"

"Hakuna, mama. Nimepiga kusalimia tu."

"Haya, nimezipokea. Ngoja tupakie, gari la sokoni hili hapa na dereva ana haraka."

Nikamwambia asante, ingawa alikuwa ameshakata.