Uji wa Mtama Mpya

Kashindye wa Usagara, anayewauzia abiria karanga pale njia panda na kuwatolea uvivu makondakta wanaomzibia njia, si mtu wa kuogopa ovyo. Lakini siku hiyo, ndani ya jumba la makumbusho alikokwenda na akina mama wa kwaya, aliogopa kweli.

Walikuwa wamekwenda kuona sikukuu ya mavuno ilianzaje. Wenzake walikuwa wakichekea ngoma na majembe ya kale. Yeye aliganda mbele ya ubao mmoja, mwanawe mdogo Winnie mgongoni, akiusoma kwa mara ya tatu. Zamani hakuna aliyeruhusiwa kuonja nafaka mpya kabla ya mtemi. Aliyetangulia, alimpoteza mtoto wake wa mwisho.

Siku ya Jumanne Kashindye alikuwa amesaga mtama wa kwanza wa shamba lake akampikia Winnie uji, na sikukuu bado wiki mbili. Mama mkwe alimwambia asubiri. Naye, kwa mdomo wake ule, akajibu kwamba mtoto hali kalenda. Tangu jana jioni Winnie alikuwa anachemka. Kashindye alificha. Hata zahanati hakwenda, kwa kuwa mama mkwe angejua, na angesema ni ule mtama. Sasa ubao nao ulikuwa unasema hivyo hivyo.

Alimfuata Mzee Mashimba, mwongoza wageni, kwenye kona ya vibuyu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Aliyetangulia kula, alifanya nini ili asamehewe?"

Mzee alimtazama, akamtazama na mtoto, kisha akaweka kiganja kwenye paji la Winnie.

"Sisi tulisubiri," alisema taratibu. "Mwaka wa njaa, mtama wetu uliwahi kukomaa, na mtemi alikuwa safarini. Mama akatii. Mdogo wangu akafa kwa njaa siku tatu kabla ya mtemi kurudi na kuonja, na mtama umesimama shambani."

"Na ubao, baba?"

"Niliuandika mimi. Ni mambo waliyoamini watu. Mdogo wangu sikumwandika." Aliondoa mkono. "Huyu ana homa kali. Zahanati iko hapo chini, kando ya barabara. Nenda."

Kashindye hakuaga mtu. Alikimbia, mikono nyuma kumshikilia mtoto, akiogopa kuliko mwanzo. Tangu jana alikuwa akiuogopa mtama, na muda wote huo homa ilikuwa inapanda.