Muzee kwenye banc ya nyuma

Leo nimefundisha mafigo masaa mbili na woga, juu ya muzee mumoja.

Munajua nafundishaka biolojia hapa mutaa ya Murara, kwa wanafunzi wenye wanajitayarisha kwa concours ya médecine, ule mutihani ya kuingia masomo ya udaktari. Asubui muzee akaingia na fimbo, akasalimia, akaikala kwa banc ya nyuma. Nikasema moyoni: huyu ni papa ya mwanafunzi, amekuja kuona kama ninajua kazi.

Nani kati yenu angemuuliza anatafuta nini? Mimi nilishindwa.

Basi nikafundisha vile sijawai fundisha. Nikachora figo na chaki ya rangi tatu. Nikauliza maswali.

Majibu, tuyaache tu. Mumoja alisema mukojo inatengenezwa kwa mapafu.

Muzee alisikiliza yote.

Mwisho akakunja suruali mpaka juu ya goti.

"Docteur, ni hii goti. Nimengoja zamu yangu, wewe unaulizauliza tu watoto."

Kumbe alisoma kibao yetu kwa mulango: PRÉPARATION MÉDECINE, akafikiri hapa ni kwa daktari.

Nikamuelezea kama mimi niko mwalimu tu. "Papa, madaktari ya kesho ni hawa."

Akawaangalia mumoja mumoja, polepole. Akashika fimbo yake.

"Basi mwanangu, acha nizoee kuchechemea."