Mwamba wa Goli la Mutuini

Enzi zetu mpira ulibebwa kwa mabega. Najua vijana watacheka, hasa wale wanaosema "jana tulicheza vibaya" wakimaanisha timu ya mji fulani wa Uingereza wasioweza kuuonyesha kwenye ramani. Mlicheza na nani? Ulikuwa kwenye kochi, unakula viazi karai. Sisi tulipotaka kucheza vibaya tulienda uwanjani tukacheza vibaya wenyewe, miguu mitupu, na mpira wa majuala uliofungwa kwa kamba ya katani. Jioni tulirudi nyumbani na kidole gumba kilichopasuka, mama akakipaka mafuta ya taa na kutuuliza kama mpira huo ulikuwa na pembe.

Mimi ni mtu wa Uthiru. Tangu nimalize kidato cha nne nimehama nyumba nyingi kuliko muuza mitumba anayefukuzwa na askari wa kanjo: Kangemi, Kinoo, Kawangware, hata chumba kimoja nyuma ya River Road ambako kelele ilikuwa bure na maji yalikuwa ya kuomba. Kitu pekee ambacho sijahama ni timu. Timu yetu iliitwa Nyuki, kwa sababu ya jezi za manjano na nyeusi. Timu ya Mutuini iliitwa Jembe, na ukiwaona wakikaba mtu ulielewa mara moja jina lilitoka wapi.

Shida yangu ilikuwa moja. Mama alizaliwa Mutuini. Kila likizo alinifungia nguo kwenye mfuko na kunipeleka kwa wazazi wake, ili nisizurure barabarani. Kwa hiyo mara tatu kwa mwaka shabiki wa Nyuki alilala kitanda kimoja na binamu yake Karanja, shabiki wa Jembe, ambaye tulikuwa rika moja na ambaye hata usingizini alikuwa akifunga magoli. Alinipiga mateke usiku kucha. Asubuhi tuligombania ukoko wa uji, na Cucu, nyanya yetu, alitutenganisha kwa mwiko uleule aliokorogea.

Guka, baba yake mama, alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa mboga, na mlinzi wa mwamba. Hapo kijana wa leo atauliza mwamba wa nini. Mwamba wa goli, mwanangu. Nguzo mbili zilichimbiwa ardhini, hizo zilibaki. Lakini ule mti wa juu, ukiuacha uwanjani usiku mmoja tu, Jumapili githeri ya mtu fulani, mahindi yake na maharagwe, ingeiva vizuri sana. Uwanja ulikuwa wa mteremko, na mwamba wa goli la juu ulihifadhiwa kwa jirani mmoja. Wa goli la chini ulikuwa mkaratusi uliokatwa shambani kwa Guka, na ulilala katika zizi lake, juu ya vichwa vya ng'ombe. Siku ya mechi aliuteremsha mwenyewe, akaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akasimama chini yake na kuutazama kama mtu aliyejenga kanisa.

Na kulikuwa na sheria. Mechi ikiisha, mashabiki wa timu iliyoshindwa ndio walioubeba mwamba kuurudisha kwa Guka, kupanda mlima, na washindi walitembea kando wakitoa ushauri. Ikiwa sare, mwamba ungebebwa na watu wa pande zote, Uthiru wakishika mwisho mmoja na Mutuini mwingine. Hiyo sehemu ya pili hakuna aliyeikumbuka, maana mechi ya Nyuki na Jembe haikuwa kitu cha kwenda sare. Ilikuwa ni kushinda au kununa mpaka Krismasi.

Mwaka ninaousimulia nilikuja likizo ya Agosti nikiwa na kofia ya manjano ya baba. Alikuwa amepata kazi Nakuru, na kabla ya kuondoka aliniwekea kofia hiyo kichwani, ikaniziba macho, akasema niitunze hadi arudi. Niliitunza. Nilioga nayo karibu.

Guka aliiona jioni ya kwanza. Yeye mwenyewe kofia yake aliivua mlangoni kila siku, akaitundika kwenye msumari, kwa sababu mtu mwenye adabu hali chakula na kofia kichwani wala hamwombi Mungu akiwa amejifunika. Akanitazama, akatazama kofia, akatazama sufuria ya githeri kama vile nayo ilikuwa imegeuka manjano.

"Hapa kwangu hakuna timu mbili," alisema. "Nyuki wakishinda Jumamosi, utaivaa hapa mezani, hata nikiomba. Wakishindwa, hiyo kofia ni ya yule wa shambani."

Yule wa shambani alikuwa sanamu ya vijiti viwili na koti kuukuu, aliyesimama katikati ya mahindi kufukuza ndege. Hakuwa na kofia. Karanja alicheka mpaka githeri ikampalia. Cucu alisema kuwa kati ya hao wanaume wawili wanaobishana mezani pake, bado anajaribu kujua nani ni mtoto. Mimi sikucheka. Nilimwona baba akirudi kutoka Nakuru na kuniuliza kofia, nami nikimwonyesha shamba.

Jumamosi ikafika. Ligi ya tarafa ilikuwa imefika mwisho, na mshindi wa siku hiyo angechukua kombe. Sare ingewapa watu wa Kinoo, ambao hawakuwa hata uwanjani; walikuwa kwao wakipalilia. Mashabiki wa Uthiru walikuja kwa lori la kubebea mawe, wakiimba. Mimi nilitamani kwenda kusimama nao, lakini Guka alinishika bega na kuniweka kati yake na Karanja, nyuma ya goli la chini, katikati ya Mutuini nzima.

Uwanja wa Mutuini ulikuwa umelala kama paa la nyumba. Kipindi cha kwanza Jembe walishambulia kuelekea chini, na mpira ukiteremka pale hauhitaji ujuzi, unahitaji mtu wa kuufukuza. Waliufukuza. Baada ya msongamano wa magoti na viwiko, mpira ukaingia pamoja na mshambuliaji na walinzi wetu wawili. Mutuini wakaruka. Mama mmoja akanimwagia uji wa watu wote. Karanja alininyooshea kidole tu upande wa mahindi ya Guka, ambako kichwa kitupu cha yule wa shambani kilionekana kwa mbali.

Kipindi cha pili mlima ukawa wetu. Nyuki walikuwa na mtu mmoja anayeitwa Kisu, muuza nyama wa pale Uthiru, mnene, mvivu wa kukimbia, lakini mguu wake wa kushoto ungeweza kutenganisha nyama na mfupa. Alisimama, mpira ukamfikia, akaupiga. Kipa wa Jembe aliurukia baadaye kidogo, kwa heshima tu. Ikawa moja kwa moja.

Ulishawahi kufurahia goli katikati ya maadui, babu yako akiwa amekushika bega? Niling'ata kofia ya baba nikapiga kelele ndani yake. Guka alihisi bega likitetemeka. Akasema kwa upole kwamba kama nimeshikwa na homa anaweza kunipeleka nyumbani.

Dakika zilizobaki hakuna aliyepumua. Watu walikuwa wakipiga mpira na chochote kilichokuwa karibu na mpira. Refa alikuwa mwalimu wa shule moja ya Riruta, na alipuliza kipenga kama anayeita darasa lililokataa kurudi. Kisha Kisu akapata mpira tena. Nilimwona akiinua kile kichwa chake kizito. Akapiga, mpira ukapanda, ukaja moja kwa moja kwetu, ukagonga mwamba wa Guka katikati kabisa. Tyubu zikakatika. Mwamba ukaanguka, na mpira ukaanguka juu yake, ukatulia pale pale kwenye mstari kama kuku aliyelalia mayai.

Mpaka leo nasema lilikuwa goli. Goli gani linazuiwa na mwamba uliolala chini? Mwamba ukianguka umestaafu. Lakini refa aliutazama mpira, akawatazama mashabiki wa Mutuini, akaitazama barabara ya kurudi Riruta ambayo ilipita katikati yao, na hekima ikamjia. Akapuliza mwisho wa mechi. Sare. Kinoo wakawa mabingwa wakiwa wameshika majembe.

Watu wa Uthiru walipanda lori lao wakilaani kila kitu, kuanzia refa hadi mkaratusi, wakaondoka bila hata kunywa maji. Wachezaji wa Jembe walikaa kwenye nyasi wakiwa wamenuna. Nahodha wao alisema sare si kushindwa, na yeye habebi mti wa mtu. Guka alisimama juu ya mwamba wake ulioanguka.

"Watu wa Uthiru wako wapi?" aliuliza.

Macho yote yakanijia. "Huyu hapa," Karanja akasema, kwa furaha ya mtu anayeona mwenzake akichinjwa.

Guka hakucheka. Alisema sheria ni sheria, mwisho mmoja Uthiru, mwingine Mutuini, na kama Mutuini wamechoka, yeye ni Mutuini wa kutosha. Akanielekeza mkono upande wa njia.

"Wageni mbele," alisema.

Nikakunja kofia ya baba, nikaiweka begani chini ya mti ili usinikwaruze, nikainua. Nakwambia, uliinuka. Nilijishangaa. Tulipanda ile njia kati ya majani ya nepia, mimi mbele, na kila hatua nilijiona mtu mzima. Nyuma yangu Guka alikuwa akihema kama ng'ombe mzee. Nilipogeuka nikaona jinsi alivyokuwa akibeba, nikacheka. Hakushika mwisho wa mti kama mimi. Alikuwa ameingia ndani, karibu na katikati, na kipande kirefu cha mkaratusi kilimzidi nyuma kama mkia. Mkia huo ulikwaruza ua wa michongoma, ukaangusha shuka la jirani kwenye kamba.

"Guka, unabeba vibaya," nilimwambia.

"Mtu wa Uthiru anajua nini kuhusu kazi," akanijibu, akihema.

Usiku huo Guka alininyang'anya kofia mkononi, nikajua basi, imekwenda kwa yule wa shambani. Akaitundika kwenye msumari, kando ya yake. Kisha akaomba, akashukuru kwa chakula, na akamsihi Mungu awasamehe watu wa Kinoo kwa kombe wasilolitolea jasho. Baba aliporudi kutoka Nakuru aliikuta kofia yake ina alama ya utomvu. Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Jumamosi iliyopita nilikuwa mjini, sina kazi ya maana, miguu ikawasha kama kawaida yake. Nikasikia Nyuki wanacheza na Jembe Mutuini. Nikaenda. Magoli sasa ni ya chuma, yamemiminiwa saruji, na yameandikwa jina la mheshimiwa aliyeyatoa, herufi kubwa kuliko mpira. Hakuna wa kuyaiba na hakuna wa kuyabeba. Mechi ilikuwa kali kweli, watu walikabana tangu mwanzo hadi mwisho, bila kwa bila, lakini vijana waliokuwa kando yangu walikuwa wameinamia simu. Nilimuuliza mmoja matokeo. Akaniambia kuna watu London wanaongoza mbili.

Karanja nilimkuta kwenye hema la wageni. Hema ni lake. Siku hizi anakodisha mahema na viti, ana kitambi, na goti moja limekataa kazi.

"Niaje, mtu wa Uthiru," alisema. "Bado haujahama?"

Nilimwambia nyumba nimehama, timu bado. Refa alipomaliza mechi, wafanyakazi wa Karanja walitoweka kwenda kibanda cha kuonyesha mpira wa Uingereza, wakamwachia hema limelala chini na bomba lake refu la katikati. Stoo yake ni lile zizi la Guka. Njia ni ileile, ila nepia imekuwa nyumba za kupangisha, ghorofa hadi ghorofa, na nguo zinaning'inia juu badala ya pembeni.

"Wenyeji mbele," nilimwambia, nikashika nyuma.

Tulianza kupanda. Kabla hata ya nyumba ya kwanza nikasikia goti lake likilia, na bomba likaanza kuyumba. Nikasogea ndani kidogo. Likatulia. Akaendelea kuchechemea, nikasogea tena, mpaka karibu na katikati, na uzito ukanihamia, bega langu likajua habari. Nyuma yangu mkia wa chuma ukakwaruza ukuta wa ghorofa, kwaruu, kwaruu, na mwanamke mmoja kwenye ngazi akauliza kama hatujui kubeba.

Karanja alikuwa mbele, ananyoosha kifua, anazungumza bila kuhema. Alinikumbusha lile goli la Kisu, akasema halikuwa goli. Akasema vijana wa siku hizi hawana nguvu, wakibeba hili bomba wanalia, na mwone yeye, na umri huu, goti hili, analipandisha mlima kama fimbo.

"Hii kitu ni nyepesi, bwana," alisema. "Ama ni mimi bado niko na nguvu?"

Nilitaka kumwambia ageuke atazame. Nikakumbuka mtu mmoja aliyehema nyuma yangu njia hii nzima bila kusema.

"Ni wewe," nikamwambia. "Twende."