Wiki Niliyoombea Kirusi Kiwe Hai

Dada yangu alishuka kituo cha basi cha Kisumu akiwa amepakata boksi la baridi kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Hakunisalimu. "Barafu inaisha," alisema, "twende."

Alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo iliyozungukwa na miwa, upande wa Muhoroni. Mimi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa msaidizi katika maabara ya virusi pale mjini, na nyuma ya karatasi za kazi niliandika hadithi ambazo hakuna aliyeniomba. Ndani ya boksi mlikuwa na chupa nne za chanjo ya surua. Alinieleza tukitembea, bila kunitazama. Walikuwa wamemzika baba mkwe wake, na mke wa nyumba ile hawezi kuondoka matangani siku ya pili. Alikaa siku tano. Friji ya zahanati ilitumia mafuta ya taa, na utambi wake ulitaka kukatwa kila asubuhi. Aliyeachiwa ufunguo hakujua. Dada aliporudi alikuta moto umezima na chupa zina joto la mkono. Akawasha, zikapoa. Siku ya kliniki akina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri, naye akachanja, zikabaki hizi nne.

"Nilijiambia labda ilizima asubuhi ile ile niliporudi."

"Mkubwa wako anajua?"

"Nimwambie nini? Kwanza nijue. Kama imekufa, nitasema mwenyewe, hata wakinifukuza."

Chanjo ya surua ni kirusi chenyewe, kimedhoofishwa lakini kiko hai. Kikifia ndani ya chupa, unamchoma mtoto maji tu, na kambi za wakata miwa zilikuwa zimejaa watoto. Kwa macho hakuna tofauti: ni unga ule ule mweupe.

Mzee aliyeongoza chumba chetu alizipokea chupa, akazigeuzageuza. Aliniita *nyathina*, mwanangu, hata alipokuwa amekasirika. "Nitazipima," alisema. "Lakini tutahesabu wawili, kila mtu peke yake, kama siku zote. Dada si dada humu ndani."

Tulikuwa tukikuza seli za figo la tumbili kwenye visahani, zikatanda chini kama sakafu moja isiyo na ufa. Tulizilisha kila baada ya siku chache, na askari wa getini hakuacha kuniuliza, "Daktari, tumbili wako wamekula leo?" Tulichanganya chanjo na maji, tukaipunguza makali mara kumi, na mara kumi tena, tukamwagia kila kisahani tone lake. Kisha tukafunika kwa agari, uji wa mwani unaoganda, ili kirusi kisielee mbali bali kishambulie seli zilizo jirani yake tu. Mwishoni rangi nyekundu huingia kwenye seli zilizo hai. Palipo na kirusi hai panabaki shimo jeupe. Shimo moja, kirusi kimoja kilichoanza kazi. Ndivyo tulivyokipima kitu kisichoonekana: kwa kuhesabu uharibifu wake.

Siku niliyomimina agari umeme ulikatika. Uji ulianza kuganda mkononi mwangu, nami nikaharakisha, nikaupuliza kutoka kwenye mrija hadi tone la mwisho.

Kisha kungoja. Visahani vilikaa siku nyingi kwenye kabati la joto, nami sikukaa mahali pamoja hata dakika kumi. Nilitoka kwetu Kaloleni kabla jua halijachomoza, nikazunguka ufukweni palipojaa magugu, nikarudi kugusa mlango wa kabati bila kuufungua. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimeviogopa virusi. Wiki ile niliomba kimoja kiwe hai. Niliomba kanisani, nikaomba nikiosha chupa.

Siku ya kuhesabu, dada alikuja akaketi kwenye benchi nje ya mlango. Mimi na Mzee tulihesabu kwa zamu, tukaandika, tukalaza karatasi kifudifudi juu ya meza. Kwanza visahani vya chanjo nzima kutoka ghala kuu, ya kulinganishia: mashimo yalijaa kama nyota. Kisha vya dada. Nilitia nukta ya kalamu kwenye kitako cha kisahani, chini ya kila doa. Thelathini na moja!

Mzee aligeuza karatasi zote mbili. Yake ilisema nne.

"Njoo dirishani, nyathina. Inamisha. Unaona doa hili linavyong'aa? Linavyohama?"

Niliinamisha kisahani. Nukta zangu zilibaki mahali pake, lakini madoa karibu yote yaliteleza kando, yanang'aa. Shimo halihami. Yale yalikuwa mapovu, pumzi yangu mwenyewe, niliyoipuliza nikiwa na haraka. Chini yake sakafu ilikuwa nyekundu, nzima, nzuri kabisa.

"Ulitaka sana," alisema Mzee kwa upole. "Ndiyo maana tuko wawili."

Tulipima tena chupa zilizobaki, yeye akimimina. Jibu halikubadilika: chanjo karibu yote ilikuwa imekufa. Dada aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaikunja. "Basi," alisema. Alimwandikia mkubwa wake barua palepale, kwenye benchi, akiwa ameweka karatasi juu ya boksi.

Hawakumfukuza, walimpa onyo na chanjo mpya. Nilikwenda naye kambini kumshikia boksi. Alianza kwa kuwaeleza akina mama wote kwamba friji ilizima, akachanja, na chanjo ilikuwa imekufa. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alicheka kwa hasira.

"Sista, kwa hivyo siku ile mtoto wangu alilia bure?"

"Alilia bure, mama. Makosa ni yangu."

Mama yule akafungua leso, akamshusha mtoto, akaanza kumkunjia mkono wa shati.