Konveta Mpya ya Mzee Hamisi

Nilijiita fundi wa magari ya otomatiki, Kasulu nzima, kwa kuwa yalikuwa mawili tu na hakuna wa kunibishia. Mzee Hamisi, muuza vitambaa, alitaka gari lake la kila siku liwe na nguvu. Nikamfungia konveta ya gari la mashindano, ile isiyopeleka nguvu kwenye gia mpaka injini ingurume sana.

Nikampelekea kwake mlimani. Baada ya chai tukaingia garini, likiwa limeelekea bondeni, nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari likagoma.

“Konveta hii ndivyo ilivyo, mzee.”

“Hata kwa kuteremka, fundi?”

Hapo nikachanganyikiwa. Nikakanyaga zaidi, moshi ukatufunika. Mkewe akaja dirishani akikohoa.

“Fundi, lile jiwe uliloweka mbele ya tairi ulipokuja kunywa chai, huliondoi?”