Ofisi Inataka Niseme Yaya Si Ndugu Yangu

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana hapa mtaani kwetu Manika watu tunajuana na huu ukurasa wanausoma hata majirani zangu. Nyie wengine mtakaosoma, nisomeni hadi mwisho kabla hamjanitukana. Matusi mengine nimeshajitukana mwenyewe.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, naishi Kolwezi na wazazi wangu. Baba ni karani mstaafu, mama anauza mboga sokoni. Mwaka huu nimekubaliwa kusoma udaktari Lubumbashi. Msinipongeze bado. Kukubaliwa ni jambo moja, kupata wa kukulipia ni jambo lingine, na hapo ndipo kilio changu kilipo.

Nyumbani kuna Yaya. Huku kwetu ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Wangu ni mwanamume wa miaka ishirini na mitano. Baba yake, mdogo wa baba yangu, alifukiwa na udongo akichimba shaba, na mama yake hakumaliza mwaka baada ya hapo. Baba alimfuata huko mji wa Mutshatsha akamleta nyumbani akiwa na miaka saba, mimi nina miwili tu. Sijawahi kujua nyumba yetu bila yeye. Kwa mila zetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, basi, hakuna maelezo mengine.

Yaya alipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, kabla yangu, na kwa akili zake angeweza kwenda chuo palepale. Hakwenda. Alishuka mashimoni, kazi ileile iliyomuua baba yake, ili mimi nimalize shule. Alikuwa akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, namwambia nikiwa daktari nitamtibu bure, naye ananijibu kwamba kwa mikono yangu ile ya kuvunja sahani ni afadhali alipe kwa mwingine.

Sasa sikilizeni. Kuna mgodi karibu na mtaa wetu wenye mfuko wa kusomesha watoto wa familia jirani. Nyumba moja, mtoto mmoja. Mayatima wana orodha yao peke yao. Mwaka juzi makarani walipita nyumba kwa nyumba kuandika watu, na mmoja wao akauliza kama Yaya ni yatima. Baba alikasirika sana.

"Andika mutoto yangu ya kwanza," alimwambia. "Pa nyumba yangu hakuna orphelin, juu mi niko muzima."

Siku ile nilijivunia kuwa mtoto wake. Leo maneno yaleyale ndiyo yanayotuua.

Maana mwaka huu Yaya naye aliomba chuo. Mashimo yalikuwa yamemchosha. Akakubaliwa uhandisi, barua yake ikafika wiki moja na yangu, mama akapika bukari, ugali wetu wa huku, na samaki akawaita majirani wote. Tukaomba ufadhili wote wawili. Tulidhani nyumba moja, mtoto mmoja, ni kwa wale wadogo wa shule ya msingi. Hatukuuliza. Miezi miwili, kila Jumatatu, tulipakiana pikipiki moja kwenda kuangalia karatasi ukutani pa ofisi, tukirudi mikono mitupu na kutaniana njiani.

Jumatatu iliyopita karatasi ilikuwepo. Nyumba yetu, jina moja, la Yaya. Angeandikwa yatima, angepata kwa orodha yake na mimi ningepata kwa nyumba. Orodha ya mayatima imeshafungwa.

Yaya hakufurahi. Alinishika bega akasema tutaona. Mimi nililia mpaka macho yakavimba, na kesho yake, bila kumwambia mtu, nikarudi ofisini peke yangu. Wivu ulikuwa umenijaa, sitawaficha. Mama mmoja mpole wa pale alinieleza kwamba jina linaweza kubadilishwa ikithibitika kuwa aliyeandikwa si mtoto wa nyumba ile. Akaniuliza, nami nikamjibu.

"Yeye haiko mutoto ya papa."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Yule mama akachukua simu ili ahakikishe na familia, akapiga namba iliyo kwenye fomu. Baba hana simu. Namba ilikuwa ya Yaya. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia anavyoelezwa kwamba dada yake yuko pale na amesema nini.

"Ni kweli, mama. Mi niko mutoto ya ndugu yake tu. Muandike yeye."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilipofika nyumbani nilitegemea anigombeze, nikajiandaa hata kupigwa. Jioni tumekaa kula, akaingia kutoka kazini, akamsalimia baba, "Bonsoir, tonton." Miaka kumi na minane amemwita papa, leo ni tonton, yaani ami tu. Baba aliacha kula akanitazama mimi, si yeye, nikajua ameshajua. Tangu siku hiyo baba hanisemeshi. Mama ananiambia nikubali bahati yangu, kwamba Yaya ameshasamehe, mwanamume hakosi kazi. Lakini kazi yenyewe ni mashimo, na mvua zimeanza, na kila akitoka asubuhi nakaa roho juu mpaka arudi.

Ofisi imenipa fomu ya kusahihisha orodha. Nikiirudisha, nakwenda Lubumbashi, yeye anabaki mashimoni. Nisipoirudisha, anakwenda yeye, na mimi sina wa kunisomesha, maana aliyekuwa ananisomesha ni yeye. Mwisho ni Ijumaa, saa tisa.

Nimeshaijaza fomu yote, jina langu, mtaa, chuo. Imebaki nafasi moja, pale wanapouliza huyu Yaya ni nani kwangu. Ninyi mngeandika nini?